Moto uliunguza soko letu Kolwezi, na mti wetu wa kona ukahukumiwa kuwa umekufa

Wakuu, habari za jioni.

Ninayoleta hapa sikusimuliwa. Nilikuwepo, masizi yake niliyashika kwa mikono yangu, na kama humu yupo mtu wa Kolwezi wa rika langu, nikikosea anisahihishe mbele ya wote.

Juzi mwanachama mmoja aliweka picha ya soko lililoungua. Pembeni miti imesimama, myeusi tii. Nikasoma maoni. Karibu kila mtu anasema ing'olewe, imeshakufa, itaangukia watu.

Nikasema, ngoja. Hilo somo nalijua. Liliwahi kutaka kutunyang'anya kiwanja.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa kutembea. Ndola nimeishi, Kapiri nimeishi, Tunduma nimeuza vipuri vya baiskeli, sasa niko Sumbawanga na mwakani sijui. Lakini nilizaliwa Kolwezi, kule kwenye shaba, enzi nchi ikiitwa Zaire.

Baba alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, kama baba za wenzangu wengi. Tulikaa Kapata, nyumba za kampuni zilizopangwa kwa mistari, zote sura moja, mpaka walevi walikuwa wanaingia kwa jirani, wanavua viatu na kuuliza chakula kiko wapi.

Baba alipofariki, nyumba ya kampuni ilirudi kwa kampuni. Mama akabaki na kitu kimoja tu: kiwanja chembamba kwenye mtaa wa soko, mjini.

Mbele mama alikaanga mikate, yaani maandazi ya kwetu. Nyuma nilitengeneza kinga. Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi hakuna, mikono imejaa grisi. Maisha yalikwenda.

Sasa niwaeleze huo mtaa, maana bila hivyo hamtaielewa kesi.

Ulikuwa na mstari mrefu wa jakaranda, zilizopandwa na Wabelgiji kwa nafasi sawa. Wafanyabiashara walipoanza kujenga, hawakupima kwa kamba. Walipima kwa miti. Kati ya mti na mti, duka moja.

Mti ulikuwa mpaka. Mti ulikuwa nguzo ya kona. Tulipigilia misumari ya kutundikia bidhaa, tulizungusha waya wa kushikilia mabati ili upepo usiyachukue. Ukimuuliza mtu duka lake liko wapi, hakutajii namba. Anakwambia, "Mi niko ku muti wa mbele ya farmasi."

Letu lilikuwa la mwisho. Kushoto kulikuwa na mti wa jirani. Kulia, mti wa kona, kisha mtaro, kisha barabara kubwa. Mti wa kona ndio mwisho wa maduka yote. Shikeni hapo.

Moto ulikuja kiangazi, ule wakati wa upepo na vumbi jekundu, kila kitu kimekauka mpaka mbao zinalia zenyewe. Ulianza mchana. Nani aliuanzisha? Kila mtu alikuwa na jibu lake na mimi sina langu.

Najua tu kwamba ulipofika kwenye mapipa ya mafuta ya mawese haukuwa tena moto wa kuzima kwa ndoo. Na ulipofika kwa jirani yetu, Tata Mwepu (tata ndiyo baba kwetu), ndiyo basi. Alikuwa anauza magodoro.

Tuliokoa mashine ya kuziba mipira, sufuria la mama, na sisi wenyewe. Hakuna aliyekufa mtaa mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini jioni kulibaki majivu na mabati yaliyojikunja.

Na miti. Miti tu ndiyo ilibaki imesimama.

Karatasi za viwanja ziliungua ndani ya maduka, za kila mtu. Kwa hiyo mkuu wa mtaa, ambaye sote tulimwita Shefu, alikuja na abakosti yake ya kijivu, ile suti ya enzi hizo isiyovaliwa na tai, akatukusanya. Enzi hizo neno "bwana" kwa Kifaransa lilikuwa limepigwa marufuku, wote tulikuwa wananchi, yaani sitwayeni.

Akasema, "Basitwayeni, mutajenga sawa na zamani. Muti na muti yenye kusimama, duka moja. Lakini miti ya kufa tutaikata na salongo, siku ya posho. Sitaki muti iangukie mutu."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Na salongo, kwa wadogo zetu humu, ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi asubuhi: kufagia, kuzibua mitaro, kufyeka. Usipokwenda utatafutwa.

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Akanong'ona, "Na ule wa kona?"

Shefu akauangalia mti wetu. Ulikuwa umepata moto kuliko yote, maana upepo ulikuwa unasukuma kuelekea kona. Akasema waziwazi kwamba ukiwa umekufa utakatwa, na maduka yataishia kwenye mti wa Tata Mwepu. Kinachobaki nje ya mti wa mwisho ni barabara.

Mnaona, wakuu? Wengine wote wakikatiwa mti mmoja, bado wako katikati ya miti mingine, mpaka wao unajulikana. Sisi mti mmoja ukikatwa, hatuna kiwanja. Tuna barabara.

Na Tata Mwepu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na macho. Kona ile ikiwa wazi, duka lake ndilo lingetazama barabara kubwa. Alianza kusimama pale na kupima kwa miguu, mikono nyuma.

Nielezee hali ya ile miti, maana ndiyo mada yangu.

Upande uliotazama maduka, gamba lilikuwa jeusi na limepasuka. Kwingine lilikuwa limebanduka, ndani unaona mti mkavu rangi ya mkate ulioungua. Lakini upande uliotazama barabara, miti mingi ilikuwa na gamba zima, lenye masizi tu.

Na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, jakaranda zilikuwa zimeshapukutisha majani hata kabla ya moto. Kwa hiyo huwezi kuuliza majani. Mti mzima na mti mfu, sura ileile.

Mama alichukua kisu cha kumenyea mihogo akakwaruza upande wa barabara. Chini ya masizi, kijani. Kijani cha ndani ya ganda la parachichi. Akaniita kwa sauti ya kusikika hadi farmasi.

Tata Mwepu akaja na kisu chake. Akakwaruza upande wa moto. Kahawia. Kavu.

"Mama Kabeya," akasema, "ile muti yako iko makala tayari. Kunabakia tu kuitia mu gunia." Makala kwetu ndiyo makaa.

"Weye unakwaruza upande ya moto, tata."

"Njo upande iko kwangu!" (Njo yetu ndiyo "ndiyo" yenu.)

"Mutu akiungua mukono, munamuzika muzima?"

Watu wakacheka. Tata Mwepu naye akacheka, lakini kisu hakukiweka mfukoni.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la pamoja, mtaa mzima. Kila mtu alitaka kujua kama mti wake uko hai. Asubuhi anakuja, anakwaruza kidogo. Jioni jirani yake anakuja, anakwaruza kidogo. Mpita njia naye anakwaruza, kwa sababu ana kisu na ana maoni. Waliotaka mti ubaki walikwaruza kwenye kijani, waliotaka ukatwe walikwaruza kwenye ukavu.

Baada ya muda mfupi miti ilikuwa na vidonda kila mahali. Ule upande mzima uliookolewa na Mungu, sisi tulikuwa tunaumenya kama mihogo. Tulikuwa tunaiua kwa kuikagua!

Mama ndiye aliyeliona hilo kwanza. Akaketi chini ya mti wetu na sufuria lake, akatangaza kwamba atakayeleta kisu atapigwa na mwiko wenye mafuta ya moto. Hakuna aliyejaribu. Wanawake wa Kasai mnawajua au hamuwajui?

Mimi nilifanya kazi yangu. Nilipanda na koleo nikaanza kukata waya.

Miaka yote tulizungushia waya kwenye shina kushikilia mabati, na mti ulikuwa umenenepa na kuumeza. Moto ulipopita, waya ulikuwa umepata joto na kukaa kama mkanda uliokazwa ndani ya nyama. Nilikata kipande kwa kipande, nikivuta taratibu kama unavyotoa spoku iliyovunjika bila kupinda rimu. Kwingine waya ulitoka na gamba. Kwingine waya ulikuwa ndani mno, nikauacha na kukata ncha zake tu. Misumari niliyoweza kung'oa niling'oa.

Mama alikuwa anamwagia maji ya kuoshea vyombo, kiangazi maji yenyewe ya shida.

Shefu akaja na ndoo ya chokaa. Utaratibu wake: mti anaoona uko hai anauzungushia mstari mweupe. Wenye mstari utabaki, usio na mstari utakatwa.

Akafika kwetu. Akazunguka. Akagusa huku, akagusa kule. Vidonda vyote vilikuwa vimekauka kahawia, hata vile vya upande mzima.

Akatikisa kichwa. Hakuweka mstari.

"Shefu," mama akasema, "ngojea mvua. Hata pori inaungua kila mwaka, na mvua ikikuya miti inatoa majani."

"Mama, pori haina duka ku chini. Salongo iko siku ya posho. Mi na weye hatuna kosana."

Mama akarudi kwenye sufuria lake. Nilimwona akikaanga mikate akiwa amegeuzia watu mgongo, jambo ambalo mwuzaji hafanyi.

Nisiwachoshe. Kabla ya hiyo Jumamosi, ikaja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka juu atapita na msafara kwenda kuangalia bwawa la umeme la Nzilo, na atapitia barabara yetu.

Mliokulia enzi zile mnajua maana yake. Mkubwa akipita, mji unanawishwa uso. Vijana wakatolewa, mapipa ya chokaa yakaletwa, mawe ya kando ya barabara yakapakwa, vibaraza vikapakwa. Na miti yote ikapakwa mpaka kifuani, ili mkubwa asione masizi.

Yote, wakuu. Yenye mstari na isiyo na mstari.

Jumamosi salongo ikafika na mashoka na msumeno wa watu wawili. Wakasimama. Wanatazama mstari wa miti, mweupe kuanzia farmasi hadi kona kama watoto wa komunio ya kwanza.

"Shefu, tukate gani?"

Shefu akatazama. Akaenda hatua kadhaa, akarudi. Nilimwona akijaribu kukumbuka. Alama yake ya "usikate" ilikuwa chokaa, na sasa mtaa mzima ulikuwa umesema usikate.

Tata Mwepu akanyoosha kidole. "Ule wa kona haukukuwa na alama. Mi najua."

Mama akainuka. "Tata, chokaa iko nani alitia? Mi? Haiko serikali njo ilitia?"

Mtu mmoja wa shoka akaanza kucheka, mwingine akamfuata. Lakini Shefu hakucheka. Alikuwa anafikiri kitu kikubwa zaidi. Mkubwa alikuwa bado hajapita, msafara ulikuwa umechelewa. Akikata mti uliopakwa kwa ajili ya mkubwa, kesho mkubwa akapita akaona kisiki kibichi na matawi barabarani, nani atajieleza?

Akavuta abakosti yake ikae sawa. "Mutu asikate muti nyeupe mpaka mukubwa apite."

Salongo ikaenda kuzibua mitaro.

Na mkubwa hakupita. Wiki ile hakupita, wala iliyofuata. Tukasikia atakuja, tukasikia ameahirisha, vijana wakapaka chokaa mara ya pili juu ya ya kwanza. Mpaka leo sijui kama aliwahi kuliona bwawa.

Nitoke kando kidogo hapa. Miaka mingi baadaye nilifanya kazi kwenye shamba la machungwa upande wa Zambia. Nikaona tajiri anapaka mashina chokaa. Nikamwuliza anamsubiri kiongozi gani. Akanishangaa, akasema ni kuzuia jua lisichome gamba la mti uliodhoofika. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniogopa. Ile chokaa ya kuficha aibu ilikuwa dawa!

Narudi kwenye mada.

Ukafika wakati wa jakaranda kuchanua. Mtaa ukawa kioja. Miti ikachanua nusu. Upande wa barabara zambarau tupu, upande wa maduka makaa. Watu walitoka Kapata, na hata mtaa wa Kingamyambo, kuja kutazama.

Mti wa mbele ya farmasi ulichanua kuliko yote, hadi matawi yakalemewa. Kila mtu akausifu. Shefu alisimama chini yake kupigwa picha.

Wetu haukutoa hata ua moja.

Tata Mwepu alikuwa ameshaanza kupandisha tofali za duka lake jipya. Akaja kwa mama, safari hii kwa upole, akasema akimwachia kona atampa nafasi ya kukaangia mikate kwenye kibaraza chake, bila kodi. Mama akamwambia asante tata, mi nangojea mvua.

Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa kidogo, niseme ukweli. Nilianza kuuliza watu kuhusu kazi za Lubumbashi.

Mvua ikaja. Ya kwanza ilitimua vumbi tu. Ya pili ikalowesha. Baada ya mvua kadhaa, asubuhi moja nilikuwa naziba mpira, nikasikia mama ananiita kwa jina langu la Kiluba, lile la kubembelezea.

Kwenye shina, chini kidogo ya bega la mtu, chokaa ilikuwa imepasuka. Ndani ya ufa kulikuwa na kitu chekundu-kijani, kidogo kama mdomo wa kifaranga. Pembeni kingine. Nyuma, upande wa barabara, vingi. Vilikuwa vinasukuma chokaa na kuiangusha vipande.

Mama hakupiga kelele. Aliweka kanga yake mbele ya machipukizi, kama anawakinga watoto na upepo, akaniambia, "Enda uite Shefu. Na Mwepu pia."

Walikuja wote wawili. Shefu akainama, akagusa kwa kidole kimoja. Tata Mwepu akatazama juu.

"Iko na buzima huku chini," akasema. "Lakini juu inakufa, Shefu. Weye ulisema muti yenye kusimama. Hii itasimama namna gani?"

Na alikuwa na haki. Juu matawi yote yalikuwa makavu, na makubwa kati yao yalikuwa yananing'inia juu ya ukuta wake mpya. Mvua yenye upepo ingeyaleta chini.

Nilidhani tumekwisha. Mama akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Tukate."

Shefu akamgeukia. "Eh?"

"Tukate juu. Tuache chini, urefu wa mutu na mukono yake. Mwepu ashike kamba, sababu iko nyumba yake. Akivuta mubaya, tofali yake njo itavunjika."

Tata Mwepu akatazama tofali zake. Kisha akaanza kucheka kwa sauti, mtu mzima na tumbo lake. "Mama Kabeya, weye ungekuwa musoda!" Yaani askari.

Ndivyo tulivyofanya. Mimi nilipanda na msumeno. Shefu alisimamia. Tata Mwepu alishika kamba, na niwaambie, sijawahi kuona mtu akishika kamba kwa uangalifu vile. Kila tawi lilishuka upande wa barabara kama linatelemshwa kwenye kitanda. Hakuna tofali lililoguswa.

Lilipobaki shina, urefu wa mtu aliyenyoosha mkono, na majani yake mapya yakitoka kwenye chokaa, Shefu akalipiga kofi. "Iko nasimama."

Akaomba kamba ileile. Akaifunga kwenye mti wa Tata Mwepu, akaivuta hadi kwetu. Kiwanja chetu kikaonekana tena ardhini, kwa mara ya kwanza tangu moto. Na ikaonekana pia kwamba ukuta wa Tata Mwepu ulikuwa umepita mti wake na kuingia kwetu, kiasi cha mkono mmoja.

Hakubisha. Alianza kubomoa tofali zake mwenyewe, akizipanga vizuri. Akagusa udongo kwa kiatu, akamwambia mama bila aibu, "Ingekufa hii muti, mi ningekula hii bulongo yote. Njo ukweli."

"Najua," mama akasema. "Kamata mukate."

Akala, akaendelea kubomoa.

Tulijenga. Safari hii hatukufunga waya wala kupigilia msumari kwenye mti. Nilichimbia nguzo ya chuma. Wengine wakaiga, wengine hawakuiga, ndivyo watu walivyo.

Ule mti wa farmasi uliochanua kuliko wote? Msimu huohuo wa mvua, mchana kweupe, ulianguka wote, mizizi nje. Ndani ulikuwa mtupu. Haukumwangukia mtu, ila bango la farmasi. Na ulikuwa na mstari wa Shefu tangu mwanzo. Wazee walisema mti unaokufa unachanua kwa nguvu ya mwisho. Mimi naamini, maana niliuona.

Somo langu ni hili, na ninalisema bila kuyumba. Mji ukiungua, msikimbilie shoka. Matawi makavu yanayoning'inia juu ya watu, hayo shusheni mara moja, hakuna mjadala. Lakini shina liacheni lione mvua. Toeni waya. Zungukeni mti mzima kabla ya kutoa hukumu, na mkishakwaruza mara moja wekeni kisu mfukoni.

Na muangalie ni nani anayesema mti umekufa, na amesimama upande gani wa mti.

Mimi niliondoka Kolwezi miaka michache baadaye, kama watu wengi wa asili ya Kasai, tulipofukuzwa turudi kwa baba zetu. Hayo siyaandiki hapa. Mama alimwachia Tata Mwepu kona ile kwa mapatano mazuri, na wakaagana kwa machozi. Sijarudi.

Wenye uzoefu na miti iliyoungua mijini, leteni. Waliokata wakajuta, na walioacha ikawaangukia, wote nawasikiliza.

Na kama kuna mtu yuko Kolwezi leo, apite mwisho wa mtaa wa soko, pale mtaro unapokutana na barabara kubwa. Mimi nasema mti upo, na una kivuli. Anayebisha alete picha.